Farasi Aliyekwama Kwenye Nyasi

Kilima kile hakikuwa cha kweli, lakini nilikifahamu. Kilikuwa ndani ya kompyuta ya binti yangu, sebuleni kwetu Gitega, nyuma ya mapazia tuliyoyafunga mchana ili kioo kionekane vizuri. Chini palipita mto wenye daraja la mawe. Ng'ambo ya daraja kulikuwa na nyasi ndefu zilizomfika farasi kifuani, na juu kabisa mnara uliobomoka upande mmoja. Upepo ulipovuma nyasi ziliinama zote pamoja, kisha zikainuka moja moja, kama waumini baada ya kupiga magoti.

Mara ya kwanza nilipoziona niliweka kikombe chini. Kilima nilichozaliwa, kule Gishubi, kilikuwa na nyasi za namna hiyo kabla hakijalimwa mihogo na maharage mpaka kileleni. Nilikuwa sijaziona tangu nilipokimbilia Tanzania nikiwa kijana.

"Baba, unalia?" binti yangu aliuliza bila kugeuka.

"Moshi wa jikoni."

"Jiko liko nyuma ya nyumba, na upepo unaelekea kule kwa jirani."

"Basi ni nyasi," nikasema.

Alicheka, akamsimamisha farasi wake wa kijivu katikati ya nyasi zile, akaniachia nitazame mpaka nikatosheka. Ni binti yetu wa pekee, aliyezaliwa katika kambi ya wakimbizi, na wakati huo alikuwa amepita miaka thelathini. Kazi yake ilikuwa kuwachorea wajenzi ramani za nyumba kwa kompyuta. Lakini alikuwa na mpango mwingine. Alikuwa amepata chumba karibu na soko la Gitega, na alitaka kuweka humo mashine sita ili vijana wa mji waje kucheza mchezo kama ule, badala ya kuutazama tu kwenye simu za wenzao.

Mchezo wenyewe ulikuwa mzito. Alinieleza uzito huo kwa subira, kama mimi nilivyowaeleza wengine mafumbo ya imani kwa miaka arobaini ya ukatekista. Ndani ya kompyuta, alisema, kuna kadi ya picha, ambayo wenye ujuzi huiita GPU. Kazi yake ni kuchora tu. Kila jani, kila tone la mvua, kila unywele wa shingo ya farasi huchorwa upya mara nyingi ndani ya sekunde moja. Kadi ikiwa na nguvu, picha hufuatana haraka hata jicho likaamini kwamba farasi anakwenda. Ikichoka, picha huchelewa, na farasi hukwama kwenye nyasi kama mtu mwenye kigugumizi.

Nilimwambia kwamba ndivyo tulivyofundishwa kuhusu dunia. Mungu hakuiumba mara moja akaondoka. Anaishikilia kila dakika, na angeiachia kidogo tu, isingekuwapo.

"Basi kadi ya Mungu haikwami, Baba."

"Haikwami," nikasema. "Tunaokwama ni sisi."

Kadi za picha alizipata kwa mfanyabiashara mmoja wa Muyinga, Mwislamu ambaye babu yake alitoka India, mwenye duka la vifaa vya umeme. Binti yangu alimwita mjomba tangu utotoni, na nitaeleza kwa nini. Mtu huyo alimletea kadi mbili azijaribu. Moja ilikuwa ndogo na nyeusi, yenye feni moja. Nyingine ilikuwa kubwa, nzito kama tofali, yenye feni mbili. Alisema kubwa ni mpya na ina nguvu karibu mara mbili ya ile ndogo, na kwamba atakayoichagua binti yangu ndiyo atakayomwagizia kwa ajili ya mashine zote sita. Alitoa neno lake tu. Karatasi hatukuandika.

Namna ya kuzilinganisha tuliipanga pamoja, mimi na binti yangu. Farasi aanzie mahali pale pale, darajani. Mvua iwe ile ile, mwendo ule ule, njia ile ile ya kupita katikati ya nyasi mpaka mnarani, kisha kuzunguka na kurudi, tena na tena. Ubora wa picha uwekwe juu kabisa, pasipo huruma. Kwenye pembe ya kioo kulikuwa na tarakimu ndogo ya kijani iliyoonyesha ni picha ngapi zinachorwa kwa sekunde. Yeye angeendesha farasi, na mimi ningeangalia tarakimu.

"Baba utachoka," alisema.

"Nitasali rozari. Kila kumi la Salamu Maria likiisha, nakutajia tarakimu na wewe unaandika."

Ndivyo tulivyofanya. Siku ya kwanza tulijaribu kadi ndogo. Kumi la kwanza likaisha ikiwa kwenye arobaini na moja, la pili arobaini, la tatu thelathini na tisa. La tano likaisha kwenye thelathini na nane. Haikuwa na haraka, wala haikuanguka. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu, mvua ya mchezo ikinyesha, na nje jua la Gitega likipiga mabati, na baada ya muda sikujua vizuri niko katika hali ya hewa ipi. Midomo yangu ilikuwa ikisali na macho yangu yalikuwa Gishubi. Mara mbili nilidhani nimemwona mama yangu akitoka nyuma ya mnara na mzigo wa kuni kichwani.

Siku ya pili tulijaribu kadi kubwa. Binti yangu alivua kitambaa cha mashine, akafungua ubavu wake, akabadilisha kadi, akafunga. Mimi mwenyewe niliivalisha mashine kitambaa chake tena, nikakinyoosha pembe zote.

Lazima niseme habari ya kitambaa hicho. Nyumbani kwetu, kama katika nyumba nyingi za watu tuliorudi, kitu kisichofunikwa ni kitu kisicho na mwenyewe. Redio ina kitambaa, televisheni ina kitambaa, chupa ya chai ina kitambaa, migongo ya viti ina vitambaa. Mke wangu alianza kuvifuma kambini, mahali ambapo hatukuwa na kitu cha kufunika isipokuwa redio moja na ndoo. Siku kompyuta ilipoingia nyumbani aliipima kwa kamba kama fundi anavyompima bibi arusi. Baada ya wiki mbili ikawa na kanzu yake nyeupe ya maua ya kufuma, yenye tundu la kitufe mbele na tundu la nyaya nyuma, na ndani ameishonea bitana nzito ili vumbi letu jekundu lisipite. Wageni waliisifu kanzu kabla ya kuisifu kompyuta.

Kadi kubwa ilianza kwa kishindo. Sabini na nane! Farasi hakukanyaga nyasi, alizitelezea. Binti yangu alipiga kelele ya furaha mpaka mama yake akaja kuchungulia. Kumi la kwanza likaisha kwenye sabini na saba. La pili, sabini. Katikati ya kumi la tatu niliona tarakimu ikishuka kama ndoo iliyokatika kamba kisimani. Hamsini. Arobaini. Kumi la nne likaisha kwenye thelathini na moja, na la tano kwenye ishirini na saba. Farasi alisimama kwenye nyasi, akaruka hatua tatu, akasimama. Mashine ilikuwa ikivuma kama mtu anayepanda mlima wa Bukirasazi na gunia la viazi.

Tulirudia kesho yake, na siku iliyofuata. Kila mara ilikuwa hivyo hivyo. Nguvu za mwanzo, kisha kuanguka.

"Baba, hii kadi imechoka," binti yangu alisema. Sauti yake ilikuwa chini, na hiyo kwake ndiyo dalili ya hasira. "Imefanyishwa kazi mahali pengine miaka mingi, ikapanguswa vumbi, ikatiwa kwenye boksi. Ametuambia ni mpya."

Alinionyesha simu yake. Kulikuwa na kundi ambamo watu wote wa kompyuta, wa Gitega na wa Muyinga, walipeana habari, na alikuwa ameandika ujumbe wa kuweka humo. Ulikuwa mfupi na umeandikwa vizuri, maana shule aliisoma. Ulisema bwana huyu anauza kadi kuukuu akiziita mpya, na watu wajihadhari. Ulikuwa na jina lake na jina la duka lake. Nilitazama zaidi lile neno "bwana". Kwa miaka yote alikuwa mjomba.

"Huu ukiutuma," nilimwambia, "duka lile limekwisha. Hata ukiufuta baadaye, hautafutika."

"Na kama ni kweli, Baba? Wangapi watanunua baada yangu?"

Swali lake lilikuwa la haki. Mimi pia moyoni nilikuwa nimeshahukumu, na nilihukumu kwa kutumia mambo matakatifu, jambo ninaloliungama hapa. Kwa miaka mingi niliwafundisha wanafunzi wa katekisimu habari ya mbegu iliyoanguka penye mawe, ikaota upesi, kisha ikanyauka. Nilipoona kadi kubwa ikianza kwa fahari na kuishia kwa aibu, nilijiambia, ndiyo hiyo. Na kadi ndogo, yenye mwendo wa unyenyekevu, nikaipenda kama mtu anavyompenda mwanafunzi mtulivu. Sikukumbuka kwamba katika habari ile mbegu ilinyauka kwa sababu jua liliiunguza.

Nilimzuia kutuma kwa sababu moja tu. Watu wa kilima changu cha Gishubi waliniapisha kuwa mushingantahe, mmoja wa wazee wanaosikiliza mashauri, na mushingantahe hamhukumu mtu asiyekuwapo. Nikampigia simu mtu wa Muyinga, nikamweleza yote, na nikamwomba aje Alhamisi ajibu mbele ya kadi zake mwenyewe. Binti yangu akaahidi kwamba ujumbe utangoja hapo ulipo, kwenye simu, mpaka niseme.

Usiku ule na siku zilizofuata nilitembea na barabara ya Kobero, ile tuliyorudia kutoka kambini, kichwani. Tulirudi kwa lori, watu wengi pamoja na magodoro yao, na tulipovuka mpaka mvua ilianza kunyesha. Wapagazi na wabadili fedha walikimbilia chini ya vibaraza. Sisi tulibaki juu ya lori tukilowa, wengine wakiimba, kwa sababu mvua yenyewe ilikuwa ya nyumbani. Muyinga tulishushwa mbele ya safu ya maduka, hatujui pa kwenda. Mzee mmoja mwenye kofia nyeupe alitoka dukani kwake na viti, kimoja kimoja, akawakalisha wanawake na watoto. Hakutuuliza dini wala kilima. Alipomwona mke wangu ameikumbatia redio iliyofunikwa kitambaa kilicholowa, alikishika pembe, akautazama ufumaji wake, akarudi ndani. Alitoka na mabunda manne ya uzi mweupe, akampa. "Anza upya na uzi mukavu," alimwambia.

Tulikaa Muyinga miaka mitano kabla ya kuja Gitega. Mzee yule sasa amelala katika rehema za Mungu, na mtu wa kadi za picha ni mwanawe. Ndiyo maana alikuwa mjomba. Na mimi nilipaswa kukaa kwenye kiti changu na kusema kama mtoto wa mzee yule ni mwongo.

Alifika Alhamisi baada ya sala yao ya adhuhuri, aliyoisali msikitini karibu na soko. Ni mtu mnene, mchangamfu, na hata siku ile alijaribu kuwa mchangamfu.

"Mzee Katekista! Leo niko mushitakiwa, ama niko mugeni?"

"Uko vyote viwili," nikamjibu. "Keti kwanza kama mgeni."

"Mama, na we? Afya iko?"

"Iko, mwanangu," mke wangu alimjibu. Alikuwa amefua vitambaa vyote kwa ajili yake, akavitia wanga na kuvipiga pasi. Sebule iling'aa. Mashine nayo ilivaa kanzu yake, imesimama wima kama padri siku ya Pasaka.

Binti yangu alimsalimu kwa mikono miwili, kama desturi, lakini alisema, "Karibu, bwana." Niliona jinsi neno lile lilivyomwingia. Akavua kofia yake, akaivaa tena.

"Eleza shauri lako," nilimwambia binti yangu.

Alieleza bila kupunguza wala kuongeza. Alimwonyesha daftari lenye tarakimu za kila kumi.

"Hii nini? Kumi la kwanza, kumi la pili?"

"Ni rozari ya Baba."

"Munapima kadi kwa tasbihi?" Alicheka kwa kweli, mara ya kwanza. "Wallahi, hiyo sijasikiaka hata Dubai." Kisha akasoma zile tarakimu za chini. "Bon. Mi niseme yangu. Kadi iko mupya. Kartoni nilifungua mi mwenyewe, mbele ya mama yangu. Sikuitumia hata siku moja. Basi. Tuone."

Tulifunga mapazia. Farasi wa kijivu alisimama darajani, mvua ikaanza, nikashika rozari yangu. Mtu wa Muyinga naye alitoa tasbihi yake mfukoni, nadhani kwa mazoea tu. Tukakaa hivyo, watu wawili na shanga zetu, tukimtazama farasi akipanda kuelekea mnarani, nyasi zikiinama na kuinuka. Kwa muda nilisahau shauri. Ilikuwa nzuri kupita kiasi. Ukungu uliteremka kilimani kama unavyoteremka Gishubi asubuhi ya Novemba, na nikaomba, Mungu anisamehe, kwamba tarakimu isianguke.

Ilianguka. Katikati ya kumi la tatu, kama kawaida. Hamsini, arobaini, thelathini. Farasi akakwama.

Mtu wa Muyinga alipangusa uso kwa leso. Nilimwangalia, na kimya chake nikakisoma vibaya. Nilikiona kuwa kimya cha mtu aliyekamatwa.

Binti yangu aliweka simu yake juu ya meza, kioo kikiwa juu, ujumbe ukionekana.

"Mwanangu," nikamuuliza yule bwana, kama sheria yetu inavyotaka, "maneno yako umeyamaliza?"

"Nimemaliza, Mzee." Alikuwa akitazama kadi kupitia kanzu, kana kwamba angeweza kuiona. "Macho yangu yanishinda. Yeye anasema kweli, tarakimu iko pale. Mi najua niliyoyafanya, lakini siwezi kuyaonyesha. Aandike tu."

Intahe yangu, ile fimbo fupi ya hukumu, ilikuwa imeegemea kabati. Mushingantahe akishaigonga chini na kusema, neno halirudi. Nilinyoosha mkono kuichukua. Sikuwa na shaka tena, nilikuwa na huzuni tu, na huzuni niliidhania kuwa hekima.

Wakati huo mke wangu aliingia na sinia ya chai. Meza ilikuwa imejaa daftari na simu, na kwa kuwa ni mtu wa kupita popote, aliegemea mashine kwa mkono wa kushoto ili ampitishie mgeni kikombe juu ya vichwa vyetu. Alisimama hivyo hivyo, kikombe hewani.

"Huyu ana homa," alisema.

"Nani?" niliuliza.

"Huyu hapa." Aliweka kikombe chini, akaweka kiganja juu ya mashine, kisha mgongo wa mkono, kama anavyopimwa mtoto. "Anaungua! Nanyi mmekaa mnamtazama?"

"Mama, hiyo ni mashine, ni kawaida kupata moto kidogo..." Binti yangu hakumaliza. Nilimwona akikodoa macho kwenye kanzu nyeupe kama mtu aliyegongwa begani na mtu asiyemtarajia.

Mke wangu hakungoja maelezo. Nilijua anachokikumbuka, kwa sababu nami nilikuwapo. Binti yetu alipokuwa na miaka minne kambini alishikwa na homa, na mama yake alimfunika kwa blanketi zote mbili, kanga, na hata kitambaa cha redio, akamkumbatia mpaka kituo cha afya. Muuguzi, mwanamke wa Kitanzania mwenye sauti kali, alivirarua vyote mwilini mwake. "Mama, unampika mtoto! Mtoto mwenye homa hafunikwi!" Tangu siku hiyo mke wangu amewaambia wazazi wote wa Muyinga na Gitega maneno hayo.

Sasa alishika kanzu kwa pembe mbili na kuivuta juu. Hewa ya moto ilitoka ikatupiga usoni, kama unapofunua chungu. Nyuma na juu ya mashine kulikuwa na matundu mengi madogo, ya kupumulia. Bitana ilikuwa imeyaziba yote.

"Tumempika," binti yangu alisema polepole. "Mama, tumempika siku nne."

"Hamjui kulea," mke wangu alisema.

Mtu wa Muyinga alishika kichwa. "Na mi niliiona! Niliiona ile kitambaa, nikasema moyoni, iko nzuri kama ya mama yangu. Kwetu hata mabuli iko na kanzu. Sikufikiri!"

Hakuna aliyefikiri. Jicho halioni tena kile ambacho upendo umekiweka mahali pake kila siku. Na kadi ndogo haikuanguka kwa sababu haikuwa na nguvu za kutosha kujiunguza.

Tuliiacha mashine ipoe, tukanywa chai. Mkono wangu niliuweka magotini, mbali na ile fimbo. Kisha farasi akarudishwa darajani, mvua ile ile, njia ile ile. Mke wangu naye aliketi safari hii, kanzu mapajani. Kumi la kwanza, sabini na nane. La pili, sabini na nane. Kwenye kumi la tatu binti yangu aliuma mdomo. Sabini na saba. La nne, la tano, hivyo hivyo. Nikaendelea na kumi la sita, ambalo halikuwa katika hesabu. Farasi alifika mnarani, akazunguka, akarudi kupitia nyasi zile kama mtu anayerudi kwake akiwa hana haja ya kukimbia.

Sikuridhika. "Sasa ile ndogo," nikasema, "nayo bila nguo."

"Baba, imeshajulikana."

"Haki ni ya wote wawili."

Kadi ndogo, ilipopumua, ilipata arobaini na mbili, na haikushuka tena hata kumi la tano. Kubwa ilikuwa na nguvu karibu mara mbili, kama mtu yule alivyosema siku ya kwanza.

Binti yangu alichukua simu mezani. Alifuta ujumbe mbele yetu, herufi kwa herufi, akianzia mwisho. Ulichukua muda mrefu. Lilipobaki neno moja tu, alinionyesha. Lilikuwa "bwana". Akalifuta pia.

"Mjomba," alisema, "nisamehe."

"Mi nilikuwa naamini we kuliko mi mwenyewe," alimjibu. "Njiani nilisema, labda aliyeniuzia alinidanganya, na mi nikadanganya mutoto wa Mzee Katekista. Hiyo ndiyo iliniumiza. Duka, bon, duka linajengwa tena."

Nikajua basi kimya chake kilikuwa cha nini. Nilimwomba msamaha kwa sababu ya mkono niliounyoosha. Hakuuelewa, maana hakuwa ameuona, na nililazimika kumweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Kwa desturi yenu, aliyeshindwa si analeta pombe ya ndizi?"

"Analeta. Lakini wewe hunywi."

"Na aliyeshindwa ni nani?"

Mke wangu aliinua kanzu ya mashine kutoka mapajani. "Ni huyu," alisema, na aliyecheka kuliko wote ni binti yangu, mpaka machozi.

Mtu wa Muyinga aliomba aishike. Aliigeuza, akapitisha kidole kwenye maua ya ukingoni, mahali ambapo uzi ni mnene kidogo na umebadilika rangi ukawa kama maziwa. "Hii uzi," alisema, "iko ya baba. Haitoki tena. Alikuwa anaiweka rafu ya juu, mi nikiwa mudogo nilikatazwa kuigusa."

Mke wangu alimweleza kwamba ukingo ndio alioufuma kwa uzi wa mwisho wa yale mabunda manne. Alikuwa ameutunza miaka yote, akingoja kitu kinachostahili.

Chumba cha karibu na soko kilifunguliwa kabla ya mvua kubwa. Mashine ni sita, na kila moja ina kadi kubwa yenye feni mbili. Kila moja pia ina kanzu, kwa maana mke wangu hakubali mashine ilale uchi, na vumbi letu ni vumbi kweli. Kazi ya kwanza ya binti yangu asubuhi ni kuzivua, moja moja, kabla ya kuziwasha. Mimi hupita baada ya misa. Vijana wamenizoea. Mmoja wao hunipelekea farasi katikati ya nyasi na kumwacha pale bila kuniuliza, naye huendelea na simu yake mpaka nitakapoinuka.

Mjomba huja kila apatapo safari ya Gitega. Anaingia akiwa bado amevaa vumbi la njia ya Muyinga, na kabla hajatoa salamu hata kwangu mimi mkubwa wake, hupita mstari wa mashine zote sita, akiweka kiganja juu ya kila moja, kisha mgongo wa mkono.